Bili ya stima imekuja kubwa ghafla? Fanya hivi kabla hujalipa na kabla hujahama mita

Ilikuwa Jumatano, nafungua meseji naona shilingi 38,600. Mie nauza barafu za ukwaju na maji baridi hapa Maweni, Malindi, nina freeza mbili na friji moja ya nyumbani, na miezi yote ile nilikuwa nikilipa bili ya yuniti 60 nikijiona mjanja, nikiwacheka majirani wanaolalamika stima ghali. Nikaisoma mara tatu nikidhani sufuri imezidi. Haikuzidi. Nikakaa kibarazani na leso yangu kichwani, mwanangu akaniuliza mama kuna msiba?

Basi haya ninayoandika ni yale niliyofanya na yale niliyojifunza kwa kuyakosea, pamoja na ya majirani niliowasaidia baadaye, manake nikishamaliza yangu kila mwenye bili mbaya mtaani aliletwa kwangu. Ni marefu kidogo, chukua chai.

Jambo la kwanza, usilipe siku hio hio, na usikasirike ukasema silipi kabisa. Yote mawili yatakugharimu. Ukilipa yote kwa hofu, hutapata nguvu ya kwenda kuuliza tena, na ukikaa kimya nyaya zitakatwa uanze kulipa na ada ya kurudishiwa juu ya deni lenyewe. Angalia tarehe ya mwisho ya kulipa iliyo kwenye bili, hio ndio siku zako za kufanya upelelezi. Ukiwa na chochote, lipa kile ambacho una uhakika ni chako, mfano kiasi unacholipaga kila mwezi, ili ionekane hukimbii. Kwa mita ya bili ya Kenya Power, kampuni ya stima, ni Paybill 888888, ya tokeni (ile unayolipia kabla ya kutumia) ni 888880, na akaunti ni namba ya akaunti au ya mita yako. Usitume kwa namba ya simu ya mtu, hata awe amevaa koti la kazi na anakuita shangazi.

Soma bili na usome mita, zote mbili

Watu wengi husoma ile jumla ya chini peke yake. Ya muhimu iko katikati, pale penye usomaji wa zamani na usomaji wa sasa. Chukua simu, nenda kwenye mita yako, piga picha namba zake, alafu linganisha.

Ukikuta namba ya mita ni ndogo kuliko ile iliyo kwenye bili, basi umekadiriwa kupita kiasi, hapo una kesi nyepesi kabisa. Nenda na picha. Ukikuta namba zinalingana ama ya mita imezidi kidogo tu, basi yuniti zile zimepita kwenye mita kweli, na swali linabadilika, sio tena "mbona mmeniandikia" bali ni "nani alizitumia, na lini".

Yangu ilikuwa hio ya pili. Lango letu mwenye nyumba alilitia kufuli mchana kwa sababu ya wezi wa nazi, msoma mita akija anagonga anaondoka, na asipoona mita bili inakadiriwa. Miezi 7 nikaandikiwa yuniti 60 kila mwezi, jumla 420. Siku lango lilipokutwa wazi mita ikasomwa kwa macho, na kumbe nyumba ilikuwa inakula kama 250 kwa mwezi, yaani 1,750 kwa miezi ile. Toa 420 zilizolipwa, zabaki 1,330. Ukiweka na kodi na makato mengine kila yuniti ilinifikia kama shilingi 29, basi ndio hio elfu thelathini na nane. Hapo sina wa kumlaumu kwa kukadiria, kufuli ilikuwa yetu. Bili ndogo usiyoielewa iogope kama kubwa. Freeza mbili haziwezi kula yuniti 60 peke yake katika joto la Malindi, nilijua hilo moyoni nikanyamaza.

Dawa yake ni kutuma usomaji mwenyewe. Bonyeza *977# kwenye simu ufuate menyu, ama tumia apu ya MyPower, kila mwezi siku moja unayoichagua. Mie nilipokuwa na mita ya bili nilituma siku ya kulipa kodi ya nyumba ili nisisahau. Hii haichukui dakika mbili na hakuna deni la ghafla litakalokukuta tena kwa njia ya makadirio.

Mita yako inahesabu stima ya nani?

Hapa pana utamu wake na hapa ndipo watu hawafiki. Zima brekia kubwa ya nyumba yako, yote, kila kitu kiwe giza. Alafu kaangalie mita. Ile taa nyekundu ndogo inayopepesa ikikoma kabisa, sawa. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula stima baada ya mita na kabla ya brekia yako, ama kuna waya wa jirani umeshikizwa hapo.

Kwangu ilikoma. Nikashusha pumzi. Lakini fundi niliyemwita, kijana wa Shella huku huku Malindi, si ile ya Lamu, akaniambia mamangu usifurahi bado, washa brekia moja moja tuone. Tukawasha ya taa, kidogo tu. Tukawasha ya soketi, freeza zikaanza kunguruma, taa ya mita ikaenda mbio ya kawaida. Tukawasha ya tatu ambayo mie siku zote nilidhani ni ya chumba cha nje, na taa ikaanza kupepesa kama ina kifafa. Akaniuliza, mamangu, hii ni ya nini? Tukasikia sauti nyuma ya ukuta. Pampu ya kisima. Pampu ya mwenye nyumba inayopandisha maji ya nyumba zote 4 za ua, imeungwa kwenye mita yangu mie, na ilikuwa ikifanya kazi kama saa 4 kwa siku. Pampu ya wati 750 kwa saa 4 ni yuniti 3 kila siku, 90 kwa mwezi. Kwa miezi 7 ni 630. Piga hesabu mwenyewe, ni kama elfu kumi na nane za maji ya watu wengine.

Kwa hivyo, brekia moja moja, na mtu wa pili asimame kwenye mita akikuhesabia. Usifanye peke yako ukikimbia huku na huku, utachanganyikiwa. Na usifungue mita wala kugusa ile mihuri, hata kama fundi wako anasema anajua. Muhuri ukikatika kesi inageuka, wewe uliyekuwa unalalamika ndiye unayeshtakiwa.

Kama unashuku mita yenyewe inakimbia, kuna jaribio rahisi la birika la stima. Kwenye uso wa mita kuna maandishi madogo imp/kWh na namba pembeni, mfano 1000. Maana yake taa ikipepesa mara 1000 ni yuniti moja. Zima kila kitu, bakisha birika peke yake, lenye wati 2,000 (imeandikwa chini yake), lijaze maji, liwashe dakika 3 kamili kwa saa ya simu. Wati 2,000 kwa dakika 3 ni sehemu ya kumi ya yuniti, kwa hivyo taa ipepese kama mara 100. Ikija 95 ama 105 mita iko sawa, birika nalo halina wati za kunyooka hivyo. Ikija 150, rekodi video, rudia mara mbili, alafu omba mita ipimwe rasmi. Ukisema tu "mita inakimbia" wanayasikia hayo kila siku, ila ukija na video na hesabu yake watakuuliza umesomea wapi.

Pia kuna hewa ya chumvi. Sie wa karibu na bahari nyaya zinaota kutu ya kijani kwenye maungio, soketi zinakuwa moto ukizigusa, na joto hilo ni stima unayoilipia. Mpira wa mlango wa freeza ukilegea ndio balaa zaidi. Weka noti ya shilingi 50 katikati ya mlango ufunge, ukiivuta ikatoka bila kukaza, badilisha mpira. Na kaskazi ikiingia, Disemba mpaka Machi, feni haizimwi na freeza haipumziki, usilinganishe bili ya Januari na ya Julai ya kusi ukasema umeibiwa.

Kile kizingiti cha yuniti 100

Hili nalisema kwa sababu hakuna aliyeniambia. Viwango vya nyumbani vilivyoanza Aprili 2023 vilikuwa hivi kabla ya kodi, asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi alilipa 12.22 kwa yuniti, wa 31 mpaka 100 akalipa 16.30, na anayezidi 100 akalipa 20.97. Tangu hapo vinageuzwa kidogo kidogo, kwa hivyo tazama bili yako, ila mpangilio ndio huo. Sasa sikiliza, ukivuka 100 sio zile zilizozidi tu zinazopanda bei, ni zote. Yuniti 95 kwa 16.30 ni shilingi 1,548. Yuniti 105 kwa 20.97 ni 2,201. Yuniti 10 zimekugharimu shilingi 650 na zaidi, hata kodi bado.

Na unawekwa kwenye daraja kwa wastani wa miezi mitatu. Umetumia 90, ukatumia 90, alafu mwezi wa tatu wageni wa harusi wamekuja kutoka Mambrui wamepiga pasi na kuchemsha maji wiki nzima ikawa 130, wastani wako umevuka 103, umepanda. Ndio wale wanaosema "tokeni za elfu moja mwezi jana nilipata nyingi, mwezi huu chache". Hujaibiwa, umehama daraja. Kushuka pia kunachukua miezi.

Juu ya hapo kuna gharama ya mafuta, mabadiliko ya dola, mfumuko wa bei, asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, tozo za wasimamizi, alafu VAT ya asilimia 16. Zile za mafuta na dola hubadilika kila mwezi ndio maana bei haitulii. Watu huniuliza mbona mtambo wa sola wa megawati 40 uko hapa hapa Langobaya, na sie bili haishuki? Ile stima inaingia gridi ya taifa tangu mwisho wa 2021, haiji Maweni kwa jina letu.

Kwa nini nasema haya kwenye habari ya deni? Kwa sababu yuniti za miezi mingi zikimwagwa kwenye bili moja, mtu mdogo anaweza kuhesabiwa kwenye daraja la juu ambalo hakulistahili. Jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwa anatumia 80 anaandikiwa 40, miezi 6, siku moja akaletewa yuniti 240 za nyuma pamoja na za mwezi. Kwa mwezi huo mmoja aonekana kama ana hoteli. Akaenda na karatasi, akaomba zigawanywe kwenye miezi zilipotumika kweli, ambapo hakuvuka 100 hata mara moja. Hilo ndilo ombi la kupeleka, liseme hivyo hivyo: zigawanywe kwa miezi.

Siku ya kwenda dirishani

Nenda ofisi ya Kenya Power asubuhi mapema, na usiende Jumatatu. Beba kitambulisho, bili 6 za nyuma kama unazo (usipokuwa nazo omba taarifa ya akaunti wakutolee pale), picha za mita zenye tarehe, makubaliano ya nyumba kama wewe ni mpangaji, na karatasi moja uliyoandika hesabu yako kwa mkono. Karatasi hio ndio silaha. Ukianza kusimulia tangu kufuli ya lango mpaka ukwaju, foleni nyuma yako itakuzomea.

Mie nilimwambia kijana wa dirishani, mwanangu, mie sikatai stima niliyotumia, nataka mambo mawili, yuniti hizi zihakikiwe na nilipe kwa awamu. Akapumua. Naona walizoea kutukanwa. Malalamiko yakaandikwa, nikapewa namba. Namba hio iandike, bila namba hukwenda. Uliza pia, wakati inaangaliwa nyaya hazitakatwa? Na jibu omba kwa maandishi, hata barua pepe ya mistari miwili.

Kwenye awamu, usiahidi usichoweza. Watakuuliza unaanza na ngapi. Sema kiasi unachoweza kutoa siku ile ile, manake mpango bila malipo ya kwanza huwa maneno, na kumbuka bili ya kila mwezi inaendelea juu ya awamu. Ukikosa mwezi mmoja, mpango umevunjika na unarudi pale ukiwa huna uso.

Pampu nayo haikuwa kesi ya dirishani, ilikuwa yangu na mwenye nyumba, sitamtaja, ni mtu mzima na tunasalimiana. Mwanzo alisema "hio pampu haili stima, ni ndogo". Nikamwambia baba, twende tukaiangalie pamoja. Nikazima nyumba nzima mbele yake nikabakisha pampu, akaiona taa ya mita. Hakusema neno. Kesho yake akamtuma mtoto na elfu kumi, nane zikaja mwisho wa mwezi. Ikabaki 20,600. Nikatoa 8,600 pale pale na 12,000 iliyobaki nikalipa elfu mbili mbili, miezi 6. Kama mwenye nyumba wako atakataa kabisa, pata maandishi ya fundi mwenye leseni akieleza waya ulivyounganishwa, alafu mzee wa mtaa, alafu chifu. Usikate kodi ya nyumba kwa mabavu, utafukuzwa na deni bado liko.

Ofisi wakikujibu usiporidhika, unapanda. Msimamizi ni EPRA, mamlaka ya serikali ya kawi na petroli iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019, unaweza kuwaandikia bila kusafiri kwenda Nairobi, ila wataka kuona kwanza ulishalalamika kwa kampuni, ndio ile namba. Baada ya EPRA kuna Baraza la Kawi na Petroli (Energy and Petroleum Tribunal). Wengi hawafiki huko na wala hawahitaji kufika, lakini kujua kwamba ngazi ipo kunakubadilisha sauti. Mwaka 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda kotini juu ya bili za nyuma walizopelekewa watu, na mtandaoni kukawa na kelele ya SwitchOffKPLC (KPLC ndio Kenya Power) nchi nzima, kwa hivyo sio wewe wa kwanza kuuliza.

Pesa zenyewe

Hapa naenda haraka. Usikope kwa apu ya simu kulipa deni la stima. Fuliza, ule mkopo wa M-PESA, hukata ada kila siku inapokaa, na zile apu nyingine zikichelewa zinampigia mpaka mkweo. Deni la stima una mtu wa kuongea naye dirishani, usilihamishie kwa asiye na uso. Chama cha kuchangiana bora zaidi, hata kama itabidi uombe zamu yako isogezwe mbele. Na kipimo changu, dhahabu isiuzwe kwa bili.

Deni ambalo si lako kabisa

Deni la stima linafuata akaunti na mita, na mtu anayehamia ndiye analikuta. Umepanga nyumba Muyeye au Barani, umenunua tokeni za shilingi 500 umepata yuniti za shilingi 200, alafu unashangaa. Soma ile meseji ya tokeni vizuri. Ina kiasi ulicholipa, kiasi kilichoenda kwenye tokeni, na makato mengine. Makato yakiwa makubwa kuliko kodi za kawaida kuna deni linakatwa, na deni hilo laweza kuwa la mpangaji aliyehama zamani.

Hapo peleka makubaliano ya nyumba yanayoonyesha siku uliyoingia, na mwenye nyumba aje nawe, kwa sababu mara nyingi akaunti iko kwa jina lake au la marehemu babake. Omba taarifa ionyeshe deni limeanza lini. Lililoanza kabla ya siku yako, la mwenye nyumba hilo, na akikubali kwa mdomo mwambie aandike. Kwa asiyehamia bado, fanya hivi kabla ya kutoa depoziti ya nyumba: nunua tokeni za shilingi 100 kwenye mita ile, uone yuniti ngapi zinatoka. Mia moja tu. Imeokoa watu wengi kuliko maneno ya madalali.

Na kama nyumba yako ina mita ndogo ya mwenye nyumba, ile isiyo ya kampuni, malalamiko yako yanaanzia kwake, sio kwa kampuni, kwa hivyo bei ya yuniti iandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Sasa, kuhama

Binamu yangu yuko Uingereza, kila nikimlilia ananiambia "hama kampuni". Huko nyaya zinabaki zile zile, mtu anabadilisha tu anayemuuzia. Lakini hata huko deni halipotei, mwenye mita ya kulipia kabla anaweza kuhama nalo likiwa halizidi pauni 500, na wa bili deni lililopita siku 28 kampuni ya zamani yaweza kumzuia asiondoke. Kwetu Sheria ya 2019 ilifungua mlango wa wauzaji wengine, ila waya unaoingia nyumbani kwako Malindi leo ni wa Kenya Power, basi. Kwa hivyo sie tukisema kuhama tuna maana tatu.

Ya kwanza ni kuhama kutoka mita ya bili kwenda ya tokeni. Unaomba ofisini, mwenye akaunti ndiye anayeomba. Deni halifutwi, linahamishiwa kwenye mita mpya na kila ukinunua tokeni sehemu inakatwa. Uliza kabla ya kusaini ni asilimia ngapi itakatwa, kwa sababu mwenye freeza ya biashara akikatwa nusu kila mara atalala giza. Mie nilimaliza deni kwanza ndio nikahama. Faida yake, hakuna bili ya kushtukiza, unaona yuniti zikishuka. Hasara, saa sita usiku zikiisha barafu inayeyuka na mtandao wa M-PESA uko chini, kwa hivyo weka akiba ya yuniti 20 usiiguse. Ile tokeni ina tarakimu 20, iandike kwenye daftari pia. Na ukihamia nyumba iliyofungwa muda mrefu, mita ikikataa tokeni, yaweza kuwa haikufanyiwa yale mabadiliko ya Novemba 2024 ambapo ilibidi kuingiza namba mbili ndefu kwanza ndipo ya tatu ikubali. Ofisi wanakupa.

Ya pili ni sola. Hapa nawaomba msidanganyike na mabroka wanaopita na vipeperushi baada ya kila bili mbaya. Sola haikuondolei deni, tena nyingi zinauzwa kwa mkopo wa kila siku, ni deni jipya. Anza na hesabu. Freeza yangu moja inakula kama yuniti 1 na nusu kwa siku. Paneli ya wati 400, kwa jua letu kali la kama saa 5 kwa siku, baada ya hasara za njiani inakupa karibu hizo hizo. Mchana kwa hivyo inawezekana. Usiku ndio ghali, betri ya lithiamu ya 100Ah volti 12 inashika yuniti 1 na kidogo, na zile za asidi ukizimaliza zaidi ya nusu zinakufa mapema. Ujanja wangu ni huu, freeza iliyojaa barafu usiku haihitaji stima. Naizima saa tatu usiku, natupia blanketi juu pasipo kuziba mashine yake, asubuhi bado jiwe. Kwa hivyo sola yangu ni ya mchana tu, betri ndogo ya taa na feni.

Fundi awe na leseni ya EPRA ya sola, zipo daraja T1, T2 na T3, mwambie akuonyeshe, asikuonyeshe ya mwenzake. Juu ya makuti usiweke paneli, moto haucheki, jenga stendi ama tafuta dari. Sie tuko karibu sana na ikweta, paneli ilale karibu flati, iinuke kidogo tu ili mvua ioshe mavi ya kunguru. Bolti ziwe za chuma kisichoota kutu, nyingine baada ya mwaka mmoja wa upepo wa bahari zinavunjika kwa mkono. Na angalia mwembe wa jirani, kivuli cha saa tisa unachokiona Juni si kile cha Januari.

Ya tatu ni kutoa vile vitu vyenye joto kwenye stima. Koili ya kupikia, birika, pasi, hita ya kuoga. Koili ya wati 1,000 saa 2 kwa siku ni yuniti 60 kwa mwezi, ambayo kwa nyumba ya yuniti 90 ndio inayokuvusha 100. Gesi ya kilo 6 kwa familia ndogo inatosha. Hita ya kuoga Malindi sijui ni ya nini hata, weka ndoo juani.

Ukiondoka

Siku unahama nyumba piga picha ya mita kabla ya kukabidhi funguo, tuma usomaji wa mwisho siku ile ile, na kama akaunti ni kwa jina lako nenda uifunge rasmi. Mita ya bili ulilipia depoziti ulipounganishwa, ukifunga akaunti unaidai, na kama kuna salio la deni inatolewa humo. Risiti yake usipoiona, namba ya akaunti na kitambulisho vinatosha kuanzia. Mie yangu bado naifuatilia, niliambiwa nirudi Alhamisi.